Kisanduku Kisicho na Tarehe

Randburg, Johannesburg
11 Machi 2024

Kwa Papa Jacques Mulunda,
Kamalondo, Lubumbashi

Papa,

Nakusalimu kwa heshima ya mtu aliyesimama nje ya mlango wa watu na hajui kama atafunguliwa. Mama Carmel alinifikishia maneno yako Jumamosi pale Fordsburg, amekaa juu ya marobota ya vitenge anavyochuuza kati ya huko na hapa, akanikumbusha sheria ya nyumba yako: mpaka mahari ya Murielle ipokelewe, sauti yangu isifike sikioni mwako, hata kwa simu. Niandike kwa mkono wangu, yeye aibebe kwenye basi, na akifika aisome kwa sauti mbele yako na mbele ya wazee. Nimekubali kwa moyo mmoja. Hata marehemu baba yangu hakuzungumza na babu mzaa mama mpaka mbuzi wa mwisho alipofungwa uani. Basi nawe Mama Carmel, unayeyasoma haya, salamu zako zipokee, na tafadhali usitie chumvi.

Suti yako iko tayari. Vitenge vya mashangazi viko tayari, na blanketi pia. Kilichobaki ni kile ulichokitaja mwisho, kompyuta ndogo ya mezani. Mama Carmel alidhani nitatoa macho. Papa, kazi yangu ndiyo hiyo. Natengeneza kompyuta huko Fordsburg katika duka la Mahmoud, Mtanzania wa Tanga aliyehamia hapa zamani, na kuniomba kompyuta ni kama kumwomba kinyozi akupunguze ndevu.

Iko moja inayokufaa. Ni kisanduku cha ukubwa wa kopo la biskuti, hakina kelele, hakili umeme mwingi, na hata betri ya sola itakiendesha umeme ukikatika. Kipo kwenye rafu ya Mahmoud sasa hivi ninapoandika. Lakini nitasema kweli kama fundi: hicho cha rafuni ni cha zamani. Kampuni hutoa kipya kila baada ya muda, na kipya cha safari hii kimechelewa kupita kawaida. Kila mwenye kujua kazi hii anakingoja. Mkwe hapelekewi mbuzi aliyezeeka. Nikikuletea cha zamani leo na keshokutwa kipya kikatoka, nitauficha wapi uso wangu, mimi ninayejiita fundi?

Kwa hiyo naomba ruhusa ya kungoja kidogo. Tarehe haijatangazwa, lakini Mahmoud anaapa kwamba Pasaka haitapita.

Jambo moja zaidi. Kisanduku hiki huuzwa bila kioo, yaani skrini, kioo hununuliwa pembeni. Nieleze unataka cha ukubwa gani.

Ni mimi mwana wako, Mungu akipenda,
Gaston Kabemba


Kamalondo, Lubumbashi
2 Aprili 2024

Gaston,

Barua yako ilisomwa Jumapili baada ya misa. Mama Carmel alitia chumvi palepale ulipomkataza, na wazee wakacheka, kwa hiyo umeanza vizuri.

Kompyuta isiyo na kioo! Nimeendesha treni ya mizigo kutoka hapa mpaka Kamina maisha yangu yote ya kazi na sijaona mtu akiuza kichwa cha treni halafu akamwambia mnunuzi akatafute taa pembeni. Haya, huko kwenu ndivyo mlivyo. Leta kioo kikubwa. Kikubwa kuliko chochote unachokifikiria.

Nitakueleza sababu, maana mashangazi wananisema kwamba nimeacha kuomba baiskeli ya mjomba mtu nikaomba michezo ya watoto. Murielle ni mtoto wangu mmoja. Mama yake tulimzika akiwa hajaota meno ya pili. Ukimchukua aende Johannesburg, nitabaki na kuta. Kwenye simu uso wake unakuwa kama stempu ya posta, simwoni, naona kitu kinachocheza tu. Nataka nimwone mkubwa, kama anavyokaa mbele yangu asubuhi tukinywa chai, kabla hajaenda kazini kwake kwenye duka la dawa. Hiyo ndiyo mahari yangu. Mbuzi nimekula wa kutosha.

Sasa kuhusu kungoja. Ule mstari unaosema tarehe haijatangazwa, nilimwomba Mama Carmel aurudie. Aliurudia. Nimependezwa nao. Ungoje kipya, Gaston. Cha zamani sikitaki. Wala usiwasukume watu wa kampuni, kazi nzuri haitaki haraka.

Papa Jacques


Randburg, Johannesburg
20 Mei 2024

Papa,

Pasaka imepita, na Mei inaisha. Kipya hakijatoka.

Kila asubuhi nashuka kwenye taksi, navuka robot, yaani taa za barabarani, pale Mint Road, na kabla sijafungua mlango Mahmoud ananitikisia kichwa kwa mbali. Siku hizi hata salamu hatupeani, kichwa kile ndicho salamu. Wiki iliyopita watu wa kampuni walitangaza vitu vingi, simu, saa za mkononi, kompyuta za kubeba. Nilisikiliza mpaka mwisho huku chai inapoa. Kisanduku chetu hawakukitaja hata kwa bahati mbaya. Mahmoud akaniambia, "Eish, ndugu yangu, hawa wamesahau kama wanakitengeneza."

Papa, nitasema wazi kwa sababu barua haina uso wa kuona haya. Nimekwisha kupanga nyumba ya vyumba viwili hapa Randburg. Kitanda nimenunua, bado kimefungwa nailoni yake, maana sitaki kukilalia peke yangu. Mimi nalala kwenye godoro sebuleni. Mwenye nyumba ananiuliza kila mwezi bibi arusi yuko wapi, na nimemaliza majibu. Juzi Murielle aliniuliza kwenye simu, "Gaston, unaoa mimi au unaoa kompyuta?" Alicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi.

Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyejigamba. Naomba uniruhusu nilete hiki kilichopo. Ni kizuri, Papa, nimekifungua nikakiangalia ndani kwa mikono yangu, kitakutumikia miaka mingi. Kipya kikitoka nitakibadilisha, hilo naapa mbele ya wazee wanaosikiliza.

Mwana wako,
Gaston


Kamalondo, Lubumbashi
9 Juni 2024

Gaston,

Umesema mwenyewe ni cha zamani. Mimi sikulitafuta neno hilo, umenipa wewe.

Ungoje.

Murielle hajambo. Leo amevaa blauzi ya njano. Amekaa dirishani, anachambua mchele.

Papa Jacques


Randburg, Johannesburg
14 Julai 2024

Papa,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko urefu wake. Mwandiko wako nilikuwa naujua, mdogo, umenyooka kama reli. Safari hii herufi ni kubwa mno, mistari inapanda mlima, na maneno yale machache yamekula karatasi nzima. Nimeelewa kwamba uliniandikia kwa hasira. Naomba msamaha kwa kosa nisilolijua.

Lakini lipo jingine, nami silali kwa sababu yake. Mama Carmel aliporudi safari hii hakuwa na utani. Nilimbana mpaka akasema. Anasema kuna gari jeupe, la kisasa, limeonekana mlangoni kwako zaidi ya mara moja, mchana, Murielle akiwa kazini. Anashuka kijana nadhifu mwenye mkoba wa ngozi, anakaa ndani na wewe, mlango umefungwa. Anasema ulipomsikia yeye Mama Carmel anabisha hodi ulimwambia yule kijana anyamaze.

Papa, mimi ni mtoto wa Katanga. Najua kijana nadhifu mwenye gari jeupe huenda kwa mzee mwenye binti kutafuta nini. Wale wenye fedha za migodini Kolwezi hawangoji kampuni ya mtu itangaze kitu.

Sitaki kuamini, na Murielle sijathubutu kumuuliza. Badala ya kuamini, nimetenda. Hapa huu ni msimu wa baridi, vidole vinauma, na nilikiweka kile kisanduku mapajani tangu Fordsburg mpaka stesheni ya mabasi bila kukiachia. Nimempa Mama Carmel akubebee, pamoja na suti na vitenge na blanketi. Kioo kitafuata wiki ijayo. Mahari imetimia. Kipokee, Papa, nami nipate kuisikia sauti yako.

Gaston


Kamalondo, Lubumbashi
5 Agosti 2024

Gaston,

Vitenge wamechukua mashangazi. Suti imenikaa.

Kisanduku nimekirudisha na Mama Carmel. Sikukifungua. Mahari haijatimia.

Ungoje kipya.

J.


Randburg, Johannesburg
27 Agosti 2024

Mzee Mulunda,

Kimerudi. Mama Carmel alikiweka mezani kwa Mahmoud na hakunitazama usoni. Utepe wangu uko vilevile nilivyoufunga.

Nimeitii sheria yako tangu Machi. Nimenyamaza nilipotaka kupiga simu, nimeandika nilipotaka kupanda basi. Sasa mahari ya mtu mwingine inapita mlangoni kwako kwa gari, na mimi unaniambia nisubiri kitu ambacho hata wanaokitengeneza hawakisemi. Mtu akikataa kukupa binti, aseme hapana. Hapana ni neno fupi, Mama Carmel angeweza kulibeba mfukoni. Lakini kumfunga mtu kwa kitu kisicho na tarehe, huko si kukataa wala kukubali. Ni kumchezea mtu mzima kama mtoto.

Kama umepata mkwe mwenye mkoba wa ngozi, sema. Nitaiacha hii nyumba, nitauza kitanda na nailoni yake, na sitakusumbua tena.

Najua barua hii itasomwa mbele ya wazee. Isomwe.

Gaston Kabemba


Kamalondo, Lubumbashi
15 Septemba 2024

Gaston wangu,

Ni mimi, Murielle. Nakuandikia kwa sababu haya siwezi kuyasema huku nakusikia unavuta pumzi kwenye simu. Ndiyo maana sijapokea simu zako wiki mbili hizi. Usinikatize, soma mpaka mwisho.

Barua yako ilisomwa. Wazee walikuwepo, shangazi zangu walikuwepo, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia, kwa sababu binti hakai barazani akijadiliwa. Mama Carmel alipofika kwenye mkoba wa ngozi alitaka kuiruka mistari ile. Papa akamwambia, "Soma yote." Alisoma yote. Shangazi mkubwa alisimama akasema ndoa hii imekufa leo. Papa aligeuza uso kuelekea pazia, akatabasamu kidogo, mimi nikadhani ananidhihaki.

Nilikasirika, Gaston. Nilikukasirikia wewe kwa kumtukana baba yangu mbele za watu, na yeye nilimkasirikia kwa ajili ya hilo gari jeupe ambalo sikulijua, maana barua yako ya Julai ilisomwa nikiwa kazini, mashangazi wamenisimulia baadaye. Nilipomuuliza ni nani huyo, alisema ni mtu wa reli, mambo ya pensheni. Mtu wa reli gani anakuja mchana tu, mimi nikiwa sipo? Nikaona kweli wananiuza. Unakumbuka nilikuwa nasuka nywele kila mwisho wa mwezi, nikisema huenda habari ya kompyuta itakuja ghafla nisikutwe ovyo? Jioni ile nilizifumua zote. Halafu nikachukua mkasi, nikakata, nikamaliza kwa wembe. Nilitaka asubuhi Papa aone kichwa changu kikiwa kitupu kama cha mfiwa, ajue alichonifanyia.

Asubuhi aliniita chai kama kila siku. Tangu Machi amekuwa akinitaka nikae dirishani, kiti changu kielekee jua, yeye mbele yangu karibu, magoti yetu yanagusana. Zamani tulikunywa chai jikoni. Nilikaa hapo na upara wangu, nangoja apige kelele. Akanywa funda moja. Akanitazama usoni. Akasema, "Misuko hii imekupendeza kuliko ya mwezi uliopita."

Haoni, Gaston.

Sikulia palepale. Nilinyanyua kikombe changu juu nikakishika kimya hewani kati yetu. Aliendelea kuzungumza na mimi kupitia kikombe. Ndipo nikauweka mkono wake kichwani kwangu. Alipapasa, akasimamisha mkono, kisha akasema polepole, "Umekata lini?"

Kisha akaniambia yote. Mwenye gari jeupe ni daktari wa macho. Ni presha ya macho, inaua mishipa kwa ndani, na ilikuwa imekwenda mbali alipoanza kutibiwa. Dawa za kutia machoni zilikuwa chini ya godoro. Alimwambia daktari aje wakati mimi niko kazini. Nyumba hii anaijua kila pembe, anatembea ndani yake bila kujikwaa, barua zako anasomewa kwa desturi, na mimi ninayeuza dawa za macho kila siku ya Mungu sikuona kitu. Zile herufi kubwa za barua yake ya Juni hazikuwa hasira kama ulivyodhani. Alikuwa anafuata kalamu kwa kidole.

Na usishangae hakukwambia. Mkwe haonyeshwi udhaifu wa baba mkwe, unajua tulivyo. Angeona ni afadhali umwite tapeli kuliko kumhurumia.

Sasa nisikilize. Mimi sitaondoka hapa. Nakupenda na sioni haya kuliandika, lakini siwezi kumwacha mtu gizani ili nikalale kwenye kitanda cha Randburg. Usiningoje. Uza hicho kitanda.

Murielle


Kamalondo, Lubumbashi
6 Oktoba 2024

Gaston,

Mwandiko huu ni wa Ummi, jirani yangu, mama mtu mzima, anaandika kama ninavyotamka na hapunguzi. Nimemwapisha.

Sikukukasirikia kwa barua yako ya Agosti. Shangazi mkubwa anakutafuta na mwiko, lakini mimi nilifurahi. Kwa miezi yote ile uliniandikia kwa adabu mpaka nikaogopa kwamba namwoza binti yangu kwa karani. Mtu anayempenda mwanamke lazima siku moja avunje sahani. Umevunja. Sasa naongea na mwanaume.

Murielle amekuandikia, najua. Hakunisomea, lakini nilisikia kalamu, na nilimsikia akipenga makamasi. Sitauliza alichosema, nawe usinitajie. Baina ya mtu na mkwe wake yapo mambo yanayopita pembeni bila kuguswa.

Nitakupa hadithi ya reli. Treni yenye saa ya kuondoka huwatesa watu. Kila mtu anatazama saa, mama hamtazami tena mwanawe, anatazama saa. Lakini zamani, mvua ikizoa tuta la reli, treni ilikuwa inasimama stesheni bila mtu kujua itaondoka lini. Watu walishuka, wakapika ugali kando ya mabehewa. Waliokuja kusindikiza wageni wao walikaa nao siku nzima, wakawatazama mpaka wakashiba. Mimi dereva nilitukanwa sana siku hizo, kama ulivyonitukana wewe. Lakini ndizo siku nilizoona watu wakiagana vizuri.

Mwezi wa Machi nilikuwa nimeambiwa na mtu fulani jambo fulani, kwamba muda si mrefu. Wiki ileile ikaja barua yako, na ndani yake kuna kitu kisicho na tarehe. Nilikuwa naomba Mungu anipe namna ya kumchelewesha mtoto bila kumnyima mume. Akakutuma wewe na majivuno yako ya fundi. Ulinipa kamba mwenyewe, mimi nikaishika tu. Nilijua ikifika kompyuta anaondoka. Kwa hiyo kila asubuhi niliyokwambia ungoje, nilikuwa namkalisha dirishani.

Nisamehe kwa kitanda chako.

Sasa imetosha. Nimemtazama. Ninayo blauzi ya njano, ninayo ile namna anavyopuliza chai kabla ya kunywa, na kovu lake la ukucha alilolipata akifungua kopo. Hakuna atakayenipokonya hayo. Atakwambia haondoki. Ni mtoto wangu, ana kichwa kama changu, usimsikilize. Ummi yupo, mashangazi wapo kupita kiasi, na nyumba hii inanijua. Sikumlea ili awe fimbo yangu.

Njoo umchukue. Usingoje kipya. Leta kilekile nilichokurudishia.

Kioo usinunue. Nunua spika nzuri, zile zinazotoa sauti ya mtu kama yupo chumbani.

Baba mkwe wako,
Jacques Mulunda


Randburg, Johannesburg
1 Novemba 2024

Papa,

Barua yako ilinifikia Jumatatu. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa naona haya, nikawa nafuta kila nilichoandika. Nimeamua kuandika yaliyo mepesi tu, mengine yapite pembeni kama ulivyosema.

Wiki hii kimetangazwa. Jioni tulikuwa dukani, Mahmoud akaruka kutoka kwenye kiti akapiga kelele mpaka watu wa duka la viungo jirani wakaja kutazama nani kafa. "Kimetoka, Gaston! Kimetoka! Kidogo zaidi, kinakaa kiganjani!" Alinisukumia simu yake usoni. Nilitazama. Ni kizuri kweli, Papa, siwezi kukudanganya. Miezi yote hii nilidhani siku hiyo nitacheza barabarani. Nilikuwa nimeshika kile cha zamani, nakifunga upya kwa utepe ndani ya blanketi. Nikamwambia, "Sharp, sawa Mahmoud, hongera yao," nikaendelea kufunga.

Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Nilipomweleza, alikwenda rafuni, akachagua spika kubwa kuliko zote dukani, akazisafisha vumbi kwa shati lake, akaniambia nizipeleke kwa mzee na salamu za mtu wa Tanga.

Nilimpigia Murielle, safari hii akapokea. Sikubishana naye. Alisema haondoki, nikasema nimesikia. Akasema tena, nikasema nimesikia. Akauliza, "Sasa unakuja kufanya nini?" Nikamwambia nakuja kutoa mahari, hilo ni la kwanza. Baada ya mahari kupokelewa sheria yako inaisha, na nitakuwa na ruhusa ya kukaa mbele yako tuzungumze kwa mdomo, wewe na mimi na yeye, juu ya nani akae wapi. Wewe umesema nisimsikilize. Nisamehe, Papa, nimemsikiliza. Mnafanana vichwa, na mimi nitakuwa katikati yenu maisha yangu yote, basi nianze kuzoea.

Mwenye nyumba wa Randburg nimempa funguo zake. Kitanda nimemwachia. Alipovua ile nailoni alicheka sana, akasema hajawahi kuona kitanda kipya chenye vumbi. Fundi wa kompyuta halali njaa Lubumbashi, na kama njaa ikija, tutalala nayo pamoja.

Mama Carmel anaondoka nami basi moja, kwa hiyo barua hii atakusomea nikiwa nimesimama nje ya mlango wako na mzigo mikononi, nangoja wazee waniite. Nimemwomba, kwa mara ya mwisho, asitie chumvi. Sitakuandikia nyingine. Kuanzia hapo yote utayasikia kwangu.

Spika ninazo. Kioo sikununua. Tiketi ya kurudi pia sikununua.

Mwana wako,
Gaston